Kwa Buya, Unayesemekana Utaimba Peke Yako Garsen

Mpendwa mdogo wangu Buya,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Nairobi, kama bado uko Nairobi. Hujambo? Kifua hakijambo? Na koo lako je, lile lililokusumbua mwaka jana ukawa unazungumza kama mtu aliyemeza mchanga? Sisi huku Ngao hatujambo kwa neema. Mto umepanda kidogo, si wa kutisha. Mpunga unaanza kutoa vichwa na ndege wameshaanza kuuchungulia. Magoti yangu ndiyo yanayolalamika, hasa ninapopiga magoti kuomba, lakini hayo tumezeeka pamoja.

Haya, salamu nimemaliza. Sasa nikuulize.

Nimekupigia simu, inaita mpaka inachoka. Nimekutumia ujumbe, ukarudi mmoja tu: "Niko bize, tutaongea." Maneno hayo anaweza kuyaandika mtu yeyote mwenye kidole. Ndiyo maana nakuandikia waziwazi, kila mtu asome. Kofa, yule fundi simu wa Garsen ambaye ni mkubwa wa mashabiki wako, ameniahidi kuiweka barua hii kwenye ukurasa wenu bila kupunguza neno. Nimemwambia nitaisoma huko huko nihakikishe.

Jumanne nilikwenda Garsen na mchele wangu. Pale njia panda, kwenye ukuta wa duka la mbegu, nikakuona. Picha kubwa kama mlango. Umeshika gitaa, umefumba macho, mdomo wazi, na chini wameandika kwamba kwenye tamasha la muziki utaimba nyumbani, peke yako, kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wamejaa wakijipiga picha nawe. Mimi nikasogea karibu kwa sababu ya macho yangu haya, na huko kusogea ndiko kulikonitia wasiwasi. Kwenye bega lako la kushoto kuna vidole vinne. Mkono haupo, mwenye mkono hayupo, vidole vipo. Kimoja kimevaa pete ya fedha.

Buya, vidole vile navijua. Ni vya Guyo.

Kwa anayesoma na hajui, Guyo, mtoto wa wafugaji, ndiye mpiga dramu wa kundi la Ulingo, na Ulingo ni watu wawili tu tangu lizaliwe: mdogo wangu na gitaa lake, Guyo na dramu zake. Sasa mtu amechukua makasi akamtoa Guyo, ila makasi hayakuwa makini. Nataka kujua makasi yalishikwa na nani.

Nikaingia kwa Kofa. Kibanda kimejaa mashabiki, wengine wamekaa juu ya betri.

"Mama, tuambie kitu kimoja tu," Kofa akasema hata sijaketi. "Hii solo ni kweli ama ni kiki?"

"Mimi ndiye niliyekuja kukuuliza."

"Wewe si dada yake?"

"Na wewe si ndiye unayejua hata amekula nini asubuhi?"

Wakacheka. Binti mmoja wa buibui akanishika mkono, akaniambia tangu yuko shule anangoja kuisikia sauti yako bila dramu kuifunika. "Ile sauti ikiwa yenyewe tu, mama, watu watalia." Huyo nilimwamini. Anakupenda bure, na macho yake yalisema hivyo. Wengi wao wako hivyo, nisiwaonee. Wanaomba uimbe peke yako kama mtu anavyoomba kuona mwezi bila mawingu.

Lakini mlangoni alikuwa amesimama mwanaume mmoja, mtu mzima, sijui hata kama anajua wimbo wako mmoja. Akasema, "Heri hivyo. Wa kwetu asimame peke yake. Miaka yote tunashangilia mpunga, kumbe tunalisha ng'ombe."

Wakacheka tena, ila si wote. Yule binti wa buibui aliuachia mkono wangu, akachukua simu yake, akatoka.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokunja uso. Nikamwuliza Kofa, "Na dramu nani atapiga?"

"Laptop, mama. Zinarekodiwa, anabonyeza tu."

"Hiyo laptop inajua Buya anapumulia wapi?"

Kofa akakuna kichwa. Akarudi kwenye simu aliyokuwa akiitengeneza.

Wewe unakumbuka yote, lakini acha niandike, maana naona wapo wanaotaka usahau. Baba alitujengea kila mmoja ulingo wake wa miti juu ya mpunga. Wako upande wa mto, wangu upande wa njia ya nyumbani. Kazi yetu kuamia ndege tangu jua linachomoza. Na kanuni ya kuamia ilikuwa moja kwa mashamba yote: anayepiga ukelele lazima aitikiwe. Ukipaza sauti wewe, najibu mimi, na ndege wanajua hakuna pa kutua. Usipoitikiwa mara tatu, unashuka kwenda kuangalia, kwa maana ama mwenzako amelala ama amepatwa. Baba alikuwa akisema, "Sauti isiyoitikiwa ni msiba mpaka tujue vingine."

Siku ile nilishikwa na homa, mama akanipeleka hospitali. Ukaenda shamba peke yako. Ukapiga ukelele, kimya. Wa pili, kimya. Ulikuwa umesahau kwamba siko. Wa tatu uliutoa kwa sauti ile ambayo leo watu wanasafiri kuja kuisikia. Ng'ambo ya shamba letu ni malka, ile njia ya mifugo kushukia mtoni, na hapo alikuwepo mtoto wa Kiorma akinywesha ng'ombe za kwao. Kwao pia sauti ya namna ile ina maana moja tu. Akaacha ng'ombe, akaja mbio na fimbo yake, akijua mamba amekushika. Akakukuta juu ya ulingo, mzima kabisa, unalia kwa sababu dada hajibu.

Mkabaki mnatazamana. Nyuma yake ng'ombe wakaingia kwenye mpunga.

Nilisimuliwa kwamba Baba alifika na panga, na Mama Guyo akafika na kibuyu cha maziwa na maneno mengi. Wazee wakaketi. Mpunga ulikuwa umeliwa, hilo halikuwa na ubishi. Baba akamwuliza Guyo, "Kwa nini uliacha ng'ombe?" Naye kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema, "Mutoto naita. Mutu hapana jibu." Baba akaweka panga chini. Kisha akasema mbele ya wote, "Aliyeacha ng'ombe zake kwa sauti ya mwanangu, mimi sina kesi naye."

Kesho yake Guyo alikuja na debe bovu, akaketi kwenye ulingo wangu, na kila ulipopaza sauti yeye alijibu kwa debe. Mimi nilipopona nilikuta sina kazi. Nikawa naleta uji tu.

Basi mtu asinifundishe Ulingo ni nini. Wazee wa kanisa waliponiita kuniambia kwamba mdogo wangu anaimba roki, makelele ya shetani, niliwajibu kwamba shetani hakuwahi kuamia mpunga hata siku moja. Mzee mmoja alicheka mpaka akatafuta kitambaa. Hawakuniita tena.

Lakini, Buya, kuna jambo sijawahi kukwambia, na ni bora ulisikie kwangu.

Miaka ile mibaya, tuiitayo ya moshi kwa nyumba zilizochomwa, watu wa mashamba na watu wa mifugo tulipokuwa tunaogopana hata kisimani, mimi niliomba. Tulikuwa tumejisitiri uani kanisani na watoto. Nilisema, "Bwana, mtenge Buya na yule. Mpe asimame peke yake." Sikuomba mara moja. Niliomba kama mtu anayetwanga. Wewe na Guyo wakati huo mlikuwa Nairobi mkilala chumba kimoja na kula sahani moja, na mimi dada yako niko huku nakata kamba yenu kwa magoti. Amani iliporudi niliacha kuomba hivyo, lakini sikuyarudisha maneno. Nilimwuliza mchungaji kama ombi linaweza kuombwa lirudi. Akasema Mungu si karani wa kupokea kila karatasi. Nilishukuru, ila sikutulia.

Sasa wiki tatu zilizopita walinijia wageni wawili, mwanaume na mwanamke, viatu visafi, na sukari na majani ya chai. Wakasema wao ni wa kuandaa tamasha. Wakanisifu nyumba, wakanisifu chai. Kisha yule mwanamke akaniuliza kwa sauti laini, "Mama, ungejisikiaje Buya akisimama peke yake?" Na mimi, chai iko mdomoni, nikajibu, "Hilo niliwahi kuliombea."

Akaandika.

Ijumaa yake redio ikasema familia ya Buya imekuwa ikiomba kwa miaka mingi asimame peke yake. Niliangusha mwiko.

Ndiyo maana silali vizuri. Nashuku walikuja kwako na maneno yangu mkononi, wakakwambia, "Hata dada yako anataka." Halafu nashuku kwamba labda wewe ndiye uliyetaka kwanza, nao wakaja kwangu kutafuta baraka ya kujifunika. Nashuku yule wa mlangoni hakusimama pale kwa bahati, ana wenzake wanaotaka Garsen ione mkulima jukwaani bila mfugaji. Hata Kofa nimemtazama mara mbili. Na nisipojidanganya, ninayemshuku zaidi ya wote ni mimi na magoti yangu.

Siku ile ile ya Jumanne nilikwenda kwa Mama Guyo pale anapouzia maziwa. Siku zote akiniona huinuka. Safari hii hakuinuka.

"Umekuja kununua ama kutazama?"

"Nimekuja kwako."

"Kwangu? Nimesikia redio. Sauti si yako lakini maombi ni yako."

"Mama Guyo, maneno yale ni ya mwaka wa moshi."

"Na chai uliyokunywa nao, ilikuwa ya mwaka gani?"

Nikacheka, nikijua si mahali pa kucheka. Akanitazama, midomo yake ikacheza kidogo, kisha ikakaza tena. Akafunika maziwa yake vizuri.

"Niambie mbele ya Mungu wako. Uliomba hivyo kweli?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Akaja mnunuzi, akampimia maziwa, akamrudishia chenji. Ndipo akasema, haniangalii, "Wallahi hata mimi. Niliomba Guyo arudi kwa ng'ombe, aachane na mtoto wenu. Tofauti yetu mimi sikumwambia mtu wa redio."

Tukaketi. Nikamwuliza habari za Guyo, akasema hashiki simu. Nikamwambia Buya pia hashiki. Akanitazama kama ninaficha kitu, na mimi nikamtazama hivyo hivyo. Tumefika huko, Buya, wanawake wawili tuliokula pamoja arusi na matanga, kila mmoja anachungulia kikapu cha mwenzake.

Jana wale wa viatu visafi wamenipigia. Wanataka Jumapili, baada ya ibada, niende kwenye uwanja nikaombee jukwaa, na wapiga picha wawepo. Dada wa msanii, wanasema, itapendeza. Nimewaambia nitafikiri. Siwezi kuliombea jambo nisilolijua. Ukiwa umeachana na Guyo kwa heri, kama watu wazima wanaoagana, nitakwenda na nitalia na nitaomba. Akiwa mgonjwa, niambie, tutamwombea yeye kwanza, misikitini na makanisani. Na kama ni wewe uliyechoka naye, sema umechoka. Ukweli mbaya naweza kuupigia magoti. Lakini kama umekubali kwa sababu ya neno nililosema juu ya kikombe cha chai, basi nalirudisha hapa mbele ya watu wote. Nililisema kwa hofu. Sikutumwa na Mungu.

Nanyi mashabiki wake mtakaosoma, msinichukie. Kutamani sauti yake si kosa. Mimi niliitamani kabla yenu wote, nikiwa juu ya miti minne na kombeo mkononi. Ila ulizeni pia aliyetolewa ameridhika, maana watu wa huku tukianza kupunguzana hatujui kuacha.

Mdogo wangu, nijibu upesi, kabla ya Jumapili, kwa sauti yako wala si kwa kidole. Piga Jumamosi mchana. Mama Guyo atakuwa hapa kwangu, nimemwomba na amekubali, ingawa kwa shingo upande. Usishangae ukisikia si mimi. Nimemwambia simu yako ikilia, aishike yeye kwanza.

Ni mimi dada yako mkubwa anayekupenda,
Mama Neema,
Ngao