Kikohozi cha Mwenyekiti

Jumatatu, Batsinda. Mvua tangu alfajiri.

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: ninapoogopa, huwa nacheka. Watu hudhani nimefurahi.

Ijumaa nilicheka. Leo nina hasira.

Jumamosi hii wanane wa klabu yetu ya mazingira tunakwenda Hifadhi ya Volkano kuwaona ingagi, sokwe wa milimani. Mimi ni katibu. Miezi mitatu nimeipanga safari hii: basi la Musanze, nani amwazime nani koti la mvua, glavu za kushikia majani yanayowasha. Nimesoma vitabu vyote vya sokwe vya maktaba yetu. Vyote viwili.

Kila anayekwenda hujaza fomu ya afya. Mwenye mafua au kikohozi hapandi mlimani, kwa sababu mafua yetu madogo yanaweza kumuua sokwe. Tuliyasema hayo sisi wenyewe mbele ya shule nzima, tena kwa bango. Aliyelishika bango ni Kalisa, mwenyekiti wetu.

Ijumaa huyo Kalisa aliinama juu ya fomu zangu akikohoa.

"Katibu, kwenye kikohozi niwekee hapana."

"Lakini unakohoa."

"Iko kidogo tu! Siku hiyo nitamumunya pipi ya menthol. Ama ingagi iko daktari?"

Wenzetu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikaandika "hapana".

Kwa mwandiko wangu ule ule wanaousifu!

Tunasema tunawapenda sokwe. Uongo. Tunapenda picha tutakazopiga nao.

Asubuhi hii nimeamka koo linawasha. Nikanywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi, nikajiambia ni vumbi. Vumbi gani, na mvua yote hii? Nilipokohoa mara ya tatu, mama akaniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu, "Kidogo tu."

Maneno ya Kalisa, kinywani mwangu. Nilitamani kuvunja kikombe.

Wakati wa mapumziko nilikwenda kwa mwalimu wa baiolojia, mlezi wa klabu. Mbele yake nilikata "hapana" kwenye fomu ya Kalisa, nikaandika "ndiyo". Kisha nikatoa fomu yangu, nikafanya vivyo hivyo. Mwalimu akauliza kama Kalisa anajua.

Nikasema bado. Nikarudi darasani, nikaenda hadi kwenye dawati lake, nikamwambia mwenyewe nilichofanya.