Jina Alilonipa Zuberi

Jumatatu, 14 Julai
Mamba aliyekula mguu wangu wa kushoto kule Mbwera alikufa kesho yake. Nyama ya mwanaume kama mimi haisagiki tumboni. Mzoga hakuna aliyeuona, lakini mimi najua.

Leo nimeosha kabureta tatu kabla ya chai. Magongo ukutani, makalio kwenye ndoo, kazi inakwenda. Chuo kizima hapa Kibiti hakuna mwanafunzi wa kunizidi kwa injini. Labda Zuberi. Kidogo.

Zuberi ni kiziwi. Benchi letu moja. Lugha ya alama amenifundisha yeye, nyingine tumetunga wenyewe. Amempa kila mtu jina la vidole. Mwalimu wetu, Bi Tausi, ni kidole kwenye miwani. Mimi ni vidole vinavyofunguka na kufungika mbele ya midomo. Nawaambia watu maana yake ni Msemaji Mkuu.

Jumatano, 16 Julai
Imeletwa mashine ya boti. Inawaka, inakohoa, inazima. Nikasema plagi. Nikabadilisha plagi. Ikakohoa. Zuberi akaweka kiganja juu yake, akafumba macho, akakisogeza taratibu mpaka kwenye pampu ya mafuta. Akafungua. Kijimpira cha ndani kimechanika, ufa mwembamba kama unywele. Nikamwambia nilikuwa namtega tu.

Gereji moja ya barabara ya Lindi inatafuta fundi wa mashine za boti. Bi Tausi anampeleka Zuberi keshokutwa. Mimi mkalimani. Sina wivu. Uongo, ninao.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemfulia ovaroli. Akikosa kazi hii, muhula ukiisha anarudi kwao Mbwara kuamia ndege kwenye mpunga wa mjomba wake. Fundi! Kuamia ndege! Mama yake amenipigia simu mara nne leo. Nimemwambia, mama, lala, nipo mimi.

Ijumaa, 18 Julai
Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira.

Bi Tausi alipata udhuru, tukaenda wawili. Mwenye gereji ana kitambi kama ngoma. Hakumsalimia Zuberi. Akaniuliza mimi, "Huyu bubu ataisikiaje injini?" Nikamwambia si bubu, ni kiziwi, na injini anaisikia kwa kiganja. Wakacheka wote. Fundi wake mmoja akasema, "Huyu hana mguu, yule hana masikio, ukiwajumlisha unapata fundi mmoja!" Nikamwambia nikikupa na huu uliobaki utakuwa na mitatu, na nati bado itakushinda. Wakamgeuzia kicheko yeye.

Zuberi ananivuta shati: wanasemaje? Nikamwonyesha: subiri.

Kitambi akasema, "Haya, mwambie aje Jumatatu. Wiki moja nimjaribu, nimwone." Wiki! Mwezi uliopita kachukua wawili wa darasa letu, wenye miguu yao na masikio yao, hata nusu saa hakuwajaribu. Na mmoja hajui kufunga mnyororo wa pikipiki! Nikamjibu, "Mzee, sisi si viatu vya mtumba, uvae, utembee, urudishe." Nikageuka na magongo yangu kwa mbwembwe. Zuberi nyuma.

Njiani nikamweleza kwa kifupi.

Jumatatu, 21 Julai
Ile ya viatu vya mtumba nimeisimulia bwenini mara sita. Wanagaragara.

Bi Tausi hakucheka. Alishapiga simu gereji: nafasi imepata mtu mwingine asubuhi hii. Akachukua chaki, akamwandikia Zuberi ubaoni: Kwa nini umekataa wiki ya majaribio?

Zuberi akasoma. Akasoma tena. Akaandika chini yake: Wiki gani?

Wote wawili wakanitazama. Nikasema pale gerejini kulikuwa na kelele. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumanne, 22 Julai
Nimeosha kabureta moja. Zuberi kahamia benchi la dirishani.

Mchana alikuja. Akafanya jina langu, vidole mbele ya midomo. Akajigusa kifuani. Akatikisa kichwa: msemaji wangu, hapana. Akarudi kwenye kazi yake.

Ile wiki ilikuwa dharau. Hilo sifuti, na Kitambi simsamehe. Ila ilikuwa ya Zuberi, aikatae yeye au aende awaonyeshe kiganja chake. Nilimwambia wamekukataa. Hawakumkataa. Nilikataa mimi.

Kitambi hakumuuliza kitu. Na mimi sikumuuliza.