Kibanda cha Windo Katika Misonobari Michanga

KLABU YA WINDO YA TURKEY BRANCH, ALABAMA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 SEPTEMBA 2019, KATIKA NYUMBA YA KAMBI, KUANZIA SAA 3:00 ASUBUHI

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Royce Tidmore – Mwenyekiti
2. Bw. Otha Grimsley – Mjumbe mwasisi (mjomba wa Mwenyekiti)
3. Bw. Dwight Hallmark – Mjumbe
4. Bw. Curtis Pickens – Mjumbe
5. Bi. Nelda Faircloth – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Lamar Yates – alitoa udhuru wa mafua. Leo kuna mpira kwenye televisheni. Katibu anaandika udhuru kama ulivyoletwa.

KUMB. NA. 1/9/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala na kuwaomba wajumbe wasiwe na maneno mengi. Bw. Pickens aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

KUMB. NA. 2/9/2019: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Kumbukumbu zilisomwa na kuthibitishwa. Bw. Pickens aliomba ifutwe sentensi inayosema kwamba alisinzia. Ombi lilikataliwa kwa kuwa alisinzia.

KUMB. NA. 3/9/2019: KUCHAGUA ULINGO WA KUWINDIA KULUNGU UPANDE WA MISONOBARI
Mwenyekiti alieleza kwamba mwaloni uliobeba ulingo wa zamani uliangushwa na dhoruba ya Aprili, na upande ule sasa imebaki misonobari ya kupandwa tu. Miti hiyo bado michanga. Mashina yake hayazidi unene wa paja la mtu, na ngazi ikiegemezwa hapo mwindaji atayumba na upepo kama nguo kwenye kamba. Mwenye shamba naye amekataza misumari. Kwa hiyo yalibaki mawili ya kuchagua: ulingo mrefu wa chuma wa miguu mitatu, unaosimama wenyewe bila mti, au kibanda cha mbao cha chini, kiwekwe pale njia ya kuzuia moto inapokata mistari ya miti.

Bw. Grimsley alipendekeza ulingo wa chuma. Alisema matawi ya misonobari michanga yanagusa ardhi, hivyo aliyekaa chini hamwoni kulungu mpaka avuke njia, ilhali aliye juu anaona migongo yao humo humo mistarini. Hoja hiyo ni ya kweli na kila mjumbe anaijua.

Hata hivyo Bw. Hallmark alisema yeye anataka kibanda, kwa sababu siku hizi akipanda juu anashikwa na kizunguzungu.

"Dwight, wewe ni fundi wa mapaa," Bw. Grimsley alimwambia. "Juzi nimekuona juu ya kanisa umekaa unakula sandwichi."

"Kimeanza jana, Mzee Otha."

Bw. Pickens alisema yeye shida yake ni mgongo. Katibu alisema wanawake wanapata taabu na ngazi wakivaa makoti mazito, jambo ambalo Katibu hajawahi kulisema tangu ajiunge na klabu hii.

Katibu anaandika hapa lile ambalo hakuna aliyelitamka. Bw. Grimsley alikatwa mguu mwezi Januari kwa sababu ya kisukari. Anatembea kwa mguu wa bandia na fimbo, na ulingo wa chuma una ngazi iliyosimama wima. Ukinunuliwa huo, windo kwake limekwisha. Sote tulilijua hilo, tukawa tunafunika kombe mwanaharamu apite.

Bw. Grimsley alisema klabu isijenge banda la kuku kwa kumwonea mtu huruma. Ulingo ununuliwe, naye atapanda.

"Utapanda na nini, Mjomba?" Mwenyekiti aliuliza.

Mwenyekiti aliomba maneno yake yasiandikwe. Bw. Grimsley alipinga.

"Yaandike, Nelda. Ndilo neno la kweli la kwanza asubuhi hii. Hawa wengine wanazunguka mbuyu tu, mara mgongo, mara makoti."

Kisha Bw. Grimsley alitoa lalamiko. Desturi ya kambi ni kwamba anayemlenga kulungu akamkosa hukatwa pindo la shati, likapigiliwa ukutani pamoja na jina lake. Kila mjumbe ana kipande ukutani, na vya Bw. Pickens vinatosha kushona shuka. Novemba iliyopita, wakati daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba mguu hautapona, Bw. Grimsley alimkosa dume aliyesimama peupe.

"Nikarudi hapa, nikachomoa shati nje ya suruali, nikasimama," alisema. "Mkaniambia ni upepo. Upepo gani? Nelda akanipakulia supu. Na wewe Royce, ambaye ulimkata shati baba yako mzazi siku ya Krismasi, ukanisogezea kiti. Asiyekatwa shati hapa ni mgeni. Au maiti."

Mwenyekiti alijibu kwamba kisu alikuwa nacho mkononi. "Nilishindwa, Mjomba. Nilidhani ndiyo mara yako ya mwisho kuja."

"Basi hapo ndipo ungekata."

Bw. Grimsley aliinuka, akashika meza, akawageuzia wajumbe mgongo. Alisema shati alilovaa ni la kanisani na mkewe atauliza, lakini hilo atajibu mwenyewe. Mwenyekiti alitoa kisu na kukata kipande kidogo.

"Hilo ni pindo, au kitambaa cha kufutia miwani? Kata, mpwa wangu."

Mwenyekiti alikata tena, mpaka mgongo wa Bw. Grimsley ukaonekana. Bw. Pickens alianza kucheka, na aliyecheka muda mrefu zaidi ni mwenye shati. Katibu aliandika jina na mwezi wa Novemba kwenye kipande hicho, na Mwenyekiti akakipigilia ukutani. Alipiga nyundo kwa muda mrefu kuliko msumari ulivyohitaji, na hakugeuka upesi.

Bw. Grimsley alikaa, akauliza, "Hicho kibanda chenu, mlango wake una upana gani?"

Bw. Hallmark alijibu kwamba ni upana wa kawaida.

"Hautoshi. Nina kiti cha magurudumu nyuma ya gari langu tangu Mei, nimekifunika turubai. Mguu huu wa bandia unanichubua mpaka natoka damu. Na kizingiti msiweke."

AZIMIO: Kijengwe kibanda cha chini, chenye mlango mpana, bila kizingiti. Kitatumiwa na wajumbe wote kwa zamu, na atakayekosa akiwa humo atakatwa shati, awe nani awe nani. Azimio lilipita bila kupingwa. Katibu naye alipiga kura ingawa katiba ya klabu haimruhusu, na hakuna aliyelalamika.

KUMB. NA. 4/9/2019: MENGINEYO
Bw. Hallmark aliomba akipime kiti chenyewe asije akakosea mlango. Bw. Grimsley alimpa Bw. Pickens ufunguo wa gari.

"Polepole na hilo turubai, Curtis. Sijalifunua mbele ya mtu."

KUMB. NA. 5/9/2019: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa 5:10 asubuhi, nje, kando ya gari, wajumbe wakiwa wamesimama na Bw. Grimsley akiwa amekaa.

………………………………
Royce Tidmore
MWENYEKITI

………………………………
Nelda Faircloth
KATIBU