Neno Walilomtwisha Mama

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemwosha Mama kabla ya kwenda shule. Makaa yalikataa kuwaka, maji yakabaki ya uvuguvugu. Mkono wa kuume bado umelala tangu kiharusi, na mguu vilevile. Namgeuza peke yangu, goti langu juu ya kitanda, mkono wangu chini ya mgongo wake. Mama Sila, mke wa kaka yangu, hupita mlangoni na ndoo yake. Haingii.

Uji wa jana ulikuwa bado kikombeni, umeganda. Nikauliza. Mama akasema ameshiba. Ameshiba nini?

Nyumba hii Baba aliijenga alipokuwa akifanya kazi ya reli. Siku hizi ni ya kaka yangu mkubwa, Yaya Fostin, au ndivyo anavyoongea. Mimi nimepanga vyumba viwili upande wa bandari, na watoto. Mume wangu yuko kazini Kongolo, huja akipata ruhusa. Ndiyo maana Mama anakaa kwa Yaya, na mimi nakuja kuosha. Kuosha hakunikeri. Kile kikombe kimenikera mpaka mchana.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwaka wa pili, somo la lugha. Neno la leo: zito. Nikaomba sentensi. Jiwe ni zito. Gunia la mihogo ni zito. Halafu kabinti kamoja ka mbele, kenye sauti kubwa, kakasimama.

"Bibi yetu iko muzito. Papa anasema anatulemea."

Wenzake hawakucheka. Hawakushangaa hata kidogo. Nikakaambia kakae, nikaandika ubaoni sentensi ya jiwe.

Njia nzima nalitafuna hilo neno. Anatulemea. Nafundisha watoto kutafuta mtenda wa sentensi, basi nimtafute. Nani anatenda hapa? Bibi. Bibi ambaye pengine hawezi kuinuka kitandani, eti yeye ndiye anayefanya kazi yote, na wazima wanaotembea ndio wanaofanyiwa. Neno la ovyo. Boriti inalemea ukuta, sawa. Mihogo inalemea baiskeli, sawa.

Na mtoto mchanga? Anashinda mgongoni kutwa nzima. Sijasikia mtu akisema mtoto analemea. Tunasema tumembeba. Tunasema hivyo tukicheka.

Mama amekula vijiko viwili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilikaa naye baada ya shule. Bukari, ugali wetu, laini, na mchuzi wa samaki, vile anavyopenda. Akageuza uso ukutani. Nikabembeleza. Nikakasirika, nikabembeleza tena. Mwisho akaongea, taratibu, kwa ule mdomo uliopinda.

"Acha, Odeta. Ninapunguza."

"Unapunguza nini, Mama?"

"Uzito. Fostin alisema ninamulemea."

Alimsikia kupitia ukuta. Yaya alikuwa anaongea kwa simu na ndugu wa kijijini Zongwe. Alisema Mama ni muzigo, ameikalia nyumba yote, kila anayemwinua anaumia kiuno. Mama ameshika neno moja kati ya yote, akalichukua kama lilivyo. Kama ni uzito, basi apunguze uzito. Kwa kutokula.

Mwanamke huyu amebeba magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, toka ufukoni Zongwe mpaka kwenye boti, mimi nikiwa tumboni na Fostin akishika kitenge chake. Leo analala njaa ili asimchoshe Fostin.

Sikulia. Nilipiga kile kitanda ngumi, yeye akashtuka. Nikaomba radhi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemvizia Yaya kwenye geti lake. Nikamwambia Mama hali chakula, na sababu. Akaangalia saa. Akasema kwa Kifaransa kwamba Mama ni "sharji" kubwa, yaani mzigo uleule, kwamba na yeye ni mtu. Akiingia Kifaransa ujue ameona haya. Anadhani neno likivaa suti hatutalitambua.

Anataka kumpeleka Zongwe kwa boti wiki ijayo. Kwa nani? Kwa mpwa wa Baba, ambaye Mama hajamwona miaka mingi. Nani atamwosha? "Watajipanga."

Jumapili kutakuwa na kikao cha familia. Vizuri. Nitakwenda.

Jumapili, 13 Oktoba

Kikao kimekwisha.

Walikuwepo Yaya, Mama Sila, na Papa Mudogo, mdogo wake Baba, aliyeitwa ili jambo lipate heshima. Soda mezani. Mlango wa chumba cha Mama umefungwa. Yaani kikao kinamhusu yeye, naye amefungiwa hatua chache tu kutoka tulipo.

Yaya akaanza. Sharji. Muzigo. Amenilemea. Papa Mudogo akatikisa kichwa, akasema, "Watoto wangu, tusibebeshane." Sauti ya kanisa kabisa. Mama Sila alikuwa anakwangua lebo ya chupa kwa ukucha. Wanaume wawili wazima wakizungusha maneno ya kuli wa bandari, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumgeuza Mama upande wa pili.

Nikasimama. Nikafungua ule mlango. Nikamweka Mama kwenye kiti cha plastiki, nikakiburuta kiti mpaka katikati ya sebule, miguu ya kiti ikikwaruza saruji.

"Haya, Yaya. Mwambie yeye."

Yaya akaniambia nina adabu mbaya. Nikamwambia ndiyo, ninayo, sema sasa. Akatazama simu yake. Papa Mudogo akaanza kukohoa.

Mama ndiye aliyesema.

"Sema, Fostin. Mukono ndio ulilala. Masikio haikulala."

Niliona midomo ya Yaya ikitafuta neno jingine na kulikosa. Yale yote aliyokuwa nayo hayasemeki ukitazamwa.

Mama akasubiri. Halafu akasema Zongwe haendi. Anakwenda kwa Odeta. Hakuniuliza, alitamka tu, kama zamani alipokuwa akitutuma kisimani. Nilikuwa sijapanga hilo. Vyumba viwili, watoto, shule. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeomba ruhusa shuleni. Taksi ikaja mpaka getini.

Nilitaka kumbeba mwenyewe. Yaya akanizuia, akasema atambeba yeye. Kwa ajili ya majirani, nadhani. Akapanua miguu, akakaza kiuno, akavuta pumzi kama anayeinua gunia la saruji. Akamwinua kwa nguvu zote. Nusura aanguke kinyumenyume.

Hakukuwa na uzito. Mifupa na kitenge.

Akabaki amesimama palepale, Mama mikononi, dereva ameshikilia mlango.

"Iko mwepesi," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu. "Alikutii."

Nilitaka limuume. Limemuuma. Alimwingiza Mama garini polepole, akamwekea mguu sawa, akabaki ameinama pale mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sikumhurumia. Nimejichunguza njia nzima, na bado simhurumii.

Alhamisi, 17 Oktoba

Amekula nusu sahani. Alitaka kuacha, nikamwambia kiuno changu ni changu na sijamlalamikia mtu. Akala kidogo tena.

Kiuno kinauma kweli. Jirani akaniuliza sokoni, "Mama anakulemea sana?" Alisema kwa huruma, masikini. Nikamjibu, "Ninamubeba." Akaona ni kitu kilekile. Nikanunua nyanya, nikaondoka.

Jumapili, 20 Oktoba

Yaya hajaja. Mama Sila amekuja, peke yake, baada ya misa. Sikumkaribisha vizuri. Akaomba wembe, akaketi sakafuni, akamkata Mama kucha za miguu moja moja. Alipomaliza akafuta sakafu, akaaga. Sijui nimweke wapi moyoni, huyu.

Upepo wa ziwa umeanza, mapazia yanajaa na kulegea. Watoto wako nje. Mama amesinzia tukiwa tumekaa mkekani, kichwa chake begani kwangu, upande wa kushoto. Anakoroma kidogo. Mkono wangu umekufa ganzi mpaka vidoleni.

Naandika polepole. Sijausogeza.