Wajina wa Pili

Hai Malakal, Juba
Alhamisi

Mjukuu wangu Loise Valary,

Watu wengi hukosea wakidhani mwenye wivu hana upendo. Nimefundisha watoto tangu ujana wangu, na sijamwona hata mmoja akionea wivu kitu asichokipenda. Kwa hiyo ujumbe wako haukuniudhi. Lakini hujambo? Kifua kimepona? Wazazi wako wanaionaje baridi ya Meru baada ya kuizoea Juba? Sisi tu wazima, ila joto limetukausha kama omena.

Uliandika kwamba Nyaluak, uliyesoma naye hapa, akibatizwa Loise, wewe utaliacha jina hilo, na Krismasi hutakuja. Ukaongeza, "Cucu, kaa basi na mjukuu wako mrefu." Nilicheka, halafu nikausoma tena. Kwetu jina la nyanya halichaguliwi; mtoto huzaliwa nalo likimngoja. Lakini hapa kanisani, anayebatizwa akiwa mkubwa huchagua jina la mtu anayempenda. Nyaluak aliona anaomba baraka. Wewe uliona unanyang'anywa nyanya.

Nilimweleza hayo tukichambua mboga. Akaniuliza, kwa lile neno lao la nyanya, "Habuba, Valary amekasirika kweli?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Akanawa mikono, akaondoka.

Jana Mchungaji Duop alinipigia simu. Alisema Nyaluak alimfuata kwa miguu kutoka soko la Custom, anakomsaidia mama yake kuuza chai, akaomba jina libadilishwe. Hataki tena Loise. Anataka Valary.

Mchungaji alimuuliza sababu. Nyaluak akamsimulia siku aliyoingia darasa la tano akiwa na miaka kumi na mitano, baada ya kuwakatalia wajomba zake waliotaka aolewe. Watoto walisimama wote wakamwimbia, "Shikamoo, mwalimu mpya!" Akageukia mlango. Ndipo wewe uliposogea kwenye dawati ukamwambia, "Keti hapa, miguu utaitoa huko kando." Akaketi. Alimwambia mchungaji kwamba kama angetoka siku ile, asingerudi tena.

Mimi hukuwahi kuniambia habari hiyo.

Sasa nikwambie lisilopendeza. Nilikuwa nimeshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba nimepata wajina wa pili. Leo mmoja wao, Roselyn, amenidhihaki mbele ya wenzake: "Shosh, kumbe umeachwa kwa ajili ya mtoto!" Nimerudi nyumbani nimenuna, chakula kikanishinda. Nimekuonea wivu wewe, mjukuu wangu, na mpaka ninapoandika haya haujaisha. Basi usidhani ninakuhubiria kutoka juu.

Ubatizo ni Jumapili, ndiyo maana nakutumia barua hii kwa simu. Mchungaji hatalitumia jina lako bila ruhusa yako, na Nyaluak, aliyethubutu kuwakatalia wajomba, anaogopa kukuomba. Ukikataa, sitakulaumu, wala hutapungua kuwa Loise wangu.

Babu yako anakusalimu, na Mama Nyaluak pia. Wabusu wadogo zako kwa niaba yangu.

Mpigie Nyaluak leo, umpe jibu lako wewe mwenyewe.

Nyanya yako,
Loise Kawira