Nguva wa Juu ya Kabati

Langley Park, Maryland
Julai 2006

Mdogo wangu Mwatumu,

Huku joto ni kali na chakula hakinipiti tena. Nyaguthii, Mkenya anayeniuguza, ameniuliza leo: "Mzee, hicho kidude juu ya kabati kinanitolea macho. Nikitupe?" Nimemwambia akiache mpaka nimalize kukuandikia.

Ni yule nguva niliyekutumia picha yake mwaka ule Mshamu alipozama baharini. Mganga alikwambia mwanao amechukuliwa na nguva na yu hai, na picha yangu ikakuthibitishia. Mwatumu, nguva yule nilimshona mimi. Juu ni tumbili aliyekaushwa, chini ni samaki. Nilikuwa nikiwatengeneza kwa ajili ya duka moja la Bladensburg, watu wakiwanunua kuwa mapambo ya sebuleni. Nilituma picha kwa sababu niliambiwa umekataa kula.

Binti yako anasema hadi leo unamwekea Mshamu sahani kila magharibi. Usimwekee tena. Msomee hitma. Mimi huku nimekuwa nikimsomea kila mwaka, peke yangu.

Kaka yako,
Mfaume