Baba, Mwili Si Paipu

Mpendwa Baba,

Huko uliko, kama kuna paipu za kufunga, naomba safari hii umwonyeshe mtu mmoja jinsi unavyozifunga. Hapa Kiplombe ulituacha na mafumbo.

Unakumbuka sheria yako ya maji? Kwanza tunafungua mfereji wa zizi, kidogo tu, ndipo tufungue wa jikoni. Mtu akikosea, paipu ya nyuma ya choo inapasuka. Nilikuwa nakushikia koleo huku ukizungushia kila kiungo kipande cha tyubu ya baiskeli, unavuta kwa meno, unasema, "Hii sasa haiendi mahali." Hata goti lako lilipoteguka wakati wa kuvuna mahindi, ulilifunga kwa tyubu hiyohiyo.

Mwezi jana nilichoka nikaleta fundi kutoka mjini. Alibadilisha paipu moja tu, ile kuukuu kuliko zote. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikivuja taratibu na kuzipunguzia nyingine mzigo. Maji yakakosa pa kupumulia, yakapasua kila mahali hadi hori la ng'ombe likafurika. Fundi alimaliza siku akiokota tyubu zako kwenye matope na kuzifunga upya, amenuna. Mama alicheka mpaka akaketi chini.

"Si nilikwambia? Mzee alijua hizi vitu zake."

Ningecheka naye, lakini jioni hiyo nilifungua kabati kutafuta sukari nikakuta dawa zake za presha. Pakiti hazijaguswa. Nilipomuuliza, alinijibu bila hata kugeuka, "Mwili huzoea. Baba yako alisema."

Baba, nilitamani ufufuke nikugombeze. Ulikuwa unasema maneno hayo ukipanda ngazi ya tangi huku unahema, nasi tukakuamini kwa sababu maji yalikuwa yanatoka. Paipu ikichoka, inalowesha ukuta na kila mtu anaona. Wewe ulituonyesha nini? Ulikunywa chai, ukachukua jembe, ukaanguka kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Na sasa paipu zako zinakupa sifa ambazo moyo wako haukustahili.

Nikamwambia, "Lakini Mama, Baba alikufa."

Nyumbani kwetu hakuna anayesema hivyo. Huwa tunasema ulipumzika. Mama aliendelea kusuuza mkebe wa maziwa uliokuwa safi tayari, nami nikaanza kujuta.

"Mimi nilimwambia sana aende hospitali," akasema mwishowe. "Kila siku mwili huzoea, mwili huzoea. Nikachoka kusema." Akauweka mkebe chini. "Wewe usichoke na mimi."

Basi sichoki. Kila asubuhi nampigia simu kutoka kazini. Ananijibu kwa ukali kwamba ameshameza, kwani yeye ni mtoto? Namwambia ameze nikisikia. Tunagombana kidogo, kisha nasikia kikombe kikiwekwa mezani, ndipo naweza kufanya kazi.

Nimekukosa, Baba, na bado nimekukasirikia, na sioni la kwanza likipungua kwa sababu ya la pili. Paipu nimekuachia kama ulivyozifunga. Mama sikuachii.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza